Darajani Pasipo Daraja

Watu wengi hupita Darajani, mjini Unguja, wakanunua samaki wao na ndizi zao wakarudi makwao, wala wasijiulize daraja lenyewe liko wapi. Jina lipo, daraja halipo, na maji yaliyokuwa yakivukwa kwa daraja hilo hayaonekani tena. Sisi tulipofika mji huo mwaka uliopita, kutafuta misahafu na vitabu vya chuo chetu cha Rukuba, tuliazimu kuufuata mwendo wa maji hayo kwa miguu, toka mwanzo wake hata mwisho wake. Haya tuyaandikayo ni khabari ya matembezi hayo, pamoja na mambo machache ambayo twaona yawafaa wasomaji wetu, khasa vijana, maana wao ndio watakaojenga miji ijayo.

Kwanza yapasa tueleze mji ulivyokuwa. Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi yenye umbo la pembe tatu. Magharibi yake ni bahari ya bandari. Mashariki yake, zamani, palikuwa na mkono mwembamba wa bahari, ulioingia kutoka kaskazini, penye Funguni, ukapita nyuma ya mji kuelekea kusini mpaka kukaribia Mnazi Mmoja. Wenyewe waliuita Pwani Ndogo. Huko kusini palisalia shingo tu ya nchi kavu, nayo ndiyo iliyouzuia mji usiwe kisiwa. Siku za maji mafu mkono ule ulikuwa tope na vidimbwi. Siku za bamvua, maji yalipojaa, mji ulikuwa karibu kuzungukwa pande zote.

Sisi watu wa Ziwa maneno haya hatunayo, kwani ziwa letu halijai na kupwa kila siku kama bahari. Kwa hiyo wenzetu wa bara na watuwie radhi tukiyaeleza. Bamvua ni yale maji makubwa yajayo mwezi uandamapo, na tena mwezi unapokuwa mpevu. Maji mafu ni yale madogo ya katikati. Basi mvuvi wa Unguja aijuapo tarehe yake ya Hijiria aijua na bahari yake: mwandamo na siku ya 15 humletea maji mengi, na siku ya 8 na ya 22 humletea machache. Tuliwaeleza wanafunzi wetu jambo hili tuliporejea, na tangu siku hiyo tarehe za Kiislamu hawazisahau.

Pwani Ndogo haukuwa mto wa maji matamu. Lakini kazi ya mto uliifanya, maana mvua iliponyesha upande wa mashariki, maji yake yaliteremkia humo yakatoka baharini. Tunaomba msomaji alishike neno hili, kwani tutalirudia.

Tulishuka chomboni Malindi baada ya adhuhuri. Safari ya kutoka Rukuba si fupi: mashua mpaka Musoma, basi mpaka Dar es Salaam, kisha meli. Hatutamchosha mtu kwa khabari za basi, isipokuwa jambo moja la Jangwani tutakalolitaja mbele. Kutoka Malindi kwenda Funguni ni hatua chache tu. Fungu ni mchanga ulioinuka majini, na hapo ndipo palipokuwa mlango wa ule mkono wa bahari. Karibu yake, katika miaka ya 1970, ilijengwa hoteli kubwa iliyoitwa Bwawani, na jina hilo halikuokotwa njiani, kwa kuwa sehemu ya maji iliyosalia upande huo wa kaskazini ilikuwa imegeuka bwawa lenye majani.

Mwanafunzi wa lugha afikapo hapa ana darsa la bure. Mitaa ya Unguja yajieleza yenyewe kwa ile "ni" ya mwishoni. Funguni tumekwisha kuitaja. Gulioni ni penye gulio, yaani soko la siku maalumu. Mchangani ni penye mchanga. Vikokotoni ni penye changarawe. Kisiwandui, yasemwa, ni kisiwa walikotengwa wagonjwa wa ndui, ijapokuwa leo mtu aendaye Kisiwandui hakanyagi maji hata tone moja. Na Ng'ambo je? Ng'ambo haina maana mpaka pawe na maji ya kuvuka. Mtu asemapo leo "naenda Ng'ambo", akapita barabara kavu yenye magari, anatoa ushahidi wa bahari ambayo yeye mwenyewe hakupata kuiona.

Tuliifuata barabara kubwa kuelekea kusini. Waingereza waliiita kwa jina la ule mkono wa bahari, na siku hizi yaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa Tanzania toka 1995 hata 2005. Kulia kwetu zilikuwa nyumba za mawe za Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kushoto ilianza Ng'ambo. Sisi tulikuwa tukitembea juu ya maji, lakini hapana mtu aliyetustaajabia.

Darajani ni pahala pa kusimama. Soko lake kuu lilijengwa mwaka 1904, ukingoni mwa maji ya wakati ule, na mpaka leo linauza nyama, samaki, matunda na viungo. Karibuni yameongezwa maduka mapya ya kisasa. Nyuma kidogo ya soko, ndani ya mji, ni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, zama za Seyyid Barghash. Jambo hili tunalitaja kwa ufupi lakini hatulifichi. Waliovushwa maji haya si wote waliovuka kwa hiari yao, na kijana Mwislamu yampasa ajue historia ya nchi yake yote, tamu na chungu.

Penye barabara tulikuta wazee wameketi kwa kahawa. Mtume (s.a.w.) ameweka masharti kwa wanaoketi njiani, na miongoni mwayo ni kuinamisha macho, kutomwudhi mpitaji na kuitikia salamu. Tulifurahi kuona wazee wale walitimiza sharti la salamu kwa kishindo. Tulimwamkia mkubwa wao, tukamwuliza:

"Mzee wetu, daraja lilikuwa sehemu gani?"

Akacheka. "Maalim, unalikanyaga."

Akatueleza kuwa alipokuwa mtoto wa chuoni, kabla ya kufukiwa sehemu ya mwisho katika miaka ya 1950, wao watoto walikuwa wakitoroka kwenda kutafuta kaa topeni, na maalimu wao aliwajua waliotoroka kwa kuwatazama miguu. Alisema tope lile lilinuka mno wakati wa maji kupwa, na hata hivyo, siku lilipofukiwa, mama yake alilia. Tulimwuliza kwa nini. "Alizoea," akajibu, wala hakuongeza.

Harufu ile ilikuwa na sababu. Mji ulijaa watu, na kila kisichotakiwa kilitupwa Pwani Ndogo: taka za soko, maganda, uchafu wa majumbani. Wageni wengi wa karne ya 19 waliandika juu ya uvundo wa ufuo wa Unguja. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia kikaua maelfu ya watu katika kisiwa, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, ndiye aliyewaletea watu wa mji maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za kaskazini. Kwa maoni yetu hili ndilo tendo lake lililo kubwa kuliko majumba yake yote, maana jumba humkinga mwenyewe na maji hunywewa na kila mtu.

Katika vyuo vyetu mtoto hujifunza mlango wa maji kabla ya mlango wa sala. Hujifunza maji yaliyo tohara na yasiyo tohara, na kipimo cha kullatayni, na kwamba imekatazwa kukojoa katika maji yaliyotuama, au kujisaidia njiani na chini ya kivuli watu wakipumzikiapo. Hukariri yote hayo vizuri sana. Kisha hutoka nje, akala ndizi, akalitupa ganda mtaroni. Twaona sisi walimu tuna kazi iliyobaki hapo.

Maji ya Pwani Ndogo yaligawa vilevile watu. Upande wa mawe walikaa watawala, matajiri wa biashara na mabalozi. Ng'ambo walikaa wengi wa wafanya kazi, watumwa walioachwa huru, wavuvi, mafundi, na wageni kutoka bara na Ngazija. Lakini tusikate kwa kisu. Ndani ya mji wa mawe walikuwako maskini wengi, na Ng'ambo walikuwako wanavyuoni na watu wa heshima zao. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi za viwanja walivyojengea vibanda vyao, kwani waliona si haki kuuziwa mahali pa kulaza ubavu. Mambo ya ardhi hapo hayakuanza jana.

Sasa tuje kwenye kufukia. Kabla kidogo ya Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, kuikagua miji ya Afrika Mashariki, na shauri lake lilikuwa kuwatenga watu kwa mitaa kufuata rangi zao na kuacha uwanda mtupu katikati. Walidhani maradhi yatashindwa kuuvuka uwanda. Mwaka 1923 naye Lanchester, fundi wa kupanga miji, alitoa mpango wake wa mji wa Unguja, na ule mkono wa bahari ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia. Kazi yenyewe ilikwenda kidogo kidogo. Kusini kulifukiwa mapema, mwanzoni mwa karne ya 20, kukawa viwanja vya michezo. Kaskazini kulingoja mpaka miaka ile ya 1950 aliyotusimulia mzee.

Wazee wa Dar es Salaam wataikumbuka habari kama hiyo. Huko nako pana Mnazi Mmoja, na huko nako uwanja huo uliachwa mtupu baina ya mji wa wakubwa na mitaa ya Waafrika ya Kariakoo.

Tulipofika Mnazi Mmoja wa Unguja jua lilikuwa limepungua. Hapo ndipo mahali tulipopapenda kuliko pote katika matembezi yetu, na tutakaa hapo kidogo. Ni uwanda mpana wa majani, na kando yake limesimama jengo la kuba lililojengwa mwaka 1925 kuwa kumbukumbu ya amani baada ya vita, likafanywa jumba la makumbusho. Aliyelichora ni Mwingereza J. H. Sinclair, aliyependa kuyapa majengo yake sura ya kiarabu. Zama za Waingereza wenyewe walikuwa wakicheza hapa gofu, kriketi na tenisi. Uwanda ulikusudiwa kuwa ukuta usioonekana, watu wasichanganyike.

Lakini tazama ilivyokuwa. Maulidi makubwa ya Unguja yakawa yanasomwa Mnazi Mmoja, watu wakija kutoka mjini na Ng'ambo na mashamba, wakaketi juu ya ardhi moja. Sikukuu za Idi nazo zikawa za hapa: siku nne za bembea, vyakula na nguo mpya, watoto wameshikwa mikono na mama zao. Mpira ukachezwa, na mpira haumwulizi mtu ametoka upande gani wa maji. Ardhi iliyotengenezwa ili kutenganisha watu ndiyo iliyowakutanisha, kwa sababu moja nyepesi: ilikuwa tupu, na haikuwa ya mtu. Kwingineko kote mjini pana mwenyewe. Ama ni nyumba ya fulani, ama ni wakfu wa fulani kwa kizazi chake au kwa msikiti. Iliyokuwa bahari haikuwa na fulani.

Jioni ile vijana walikuwa wakicheza mpira makundi matatu katika uwanja mmoja, kila kundi na mpira wake, wala hatukuelewa walijuaje magoli yao. Akina mama walikuwa wameketi juu ya mikeka. Mwuza mihogo alikuwa na wateja wengi kuliko imamu wa mtaa wetu alivyo na maamuma siku za Jumatatu. Adhana ya magharibi iliposikika mipira ilisimama, mmoja baada ya mwingine.

Wanavyuoni wetu wa fiqhi walikwisha kuifikiri habari hii karne nyingi kabla ya Lanchester. Katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu wamesema kuwa mtu akiihuisha ardhi isiyo na mwenyewe, akaijenga au akailima, huwa yake. Lakini wametoa kitu kiitwacho harimu. Kisima kina harimu yake, mto una harimu yake, njia ina harimu yake, na kijiji kina harimu yake: ni ile nafasi ya kando ambayo pasipo hiyo kitu chenyewe hakitumiki. Mtu hawezi kuihuisha harimu akaifanya mali yake, hata kama ameiona tupu miaka mingi. Utupu wake si kwamba haina kazi. Utupu ndiyo kazi yake. Sisi si mamufti, na kesi za viwanja zina mahakama zake. Lakini tuliposimama Mnazi Mmoja tuliona kwamba mlango huo wa fiqhi, ambao wanafunzi wetu huuruka haraka wafike mlango wa ndoa, ungefaa kusomwa polepole.

Kuna miji iliyojuta kufukia. Katika mji wa Seoul, Korea Kusini, walikuwa na mto mdogo uitwao Cheonggyecheon uliochafuka kama ulivyochafuka Pwani Ndogo. Walianza kuufunika mwaka 1958, wakajenga barabara ya magari juu yake, kisha barabara nyingine ya nguzo juu ya ile ya kwanza. Mwaka 2003 walianza kuvunja vyote viwili, na mwaka 2005 maji yakaonekana tena, karibu kilometa 6, na watu wa mji hushuka jioni kuketi kando yake. Kazi hiyo ilitaka fedha nyingi mno, nasi hatusemi Unguja wafanye hivyo. Kule Seoul juu ya mto palikuwa na magari. Huku juu ya maji pana watoto wanaocheza.

Ila maji hayakufa. Tulimwomba msomaji alishike neno la mvua, na sasa tunalirudia. Pwani Ndogo ilipokuwa wazi, maji ya mvua ya Ng'ambo yalikuwa na pa kwenda. Ilipofukiwa, mvua haikuambiwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mji ulizidi kupanuka upande wa mashariki. Yakainuliwa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na nyuma yake nyumba nyingi zikajengwa katika mabonde ambayo zamani yalikuwa mabwawa na mashamba ya mpunga. Masika ikija kwa nguvu, maji huingia vyumbani mwa watu, na mwaka ambao maji hutuama karibu na vyoo, maradhi ya tumbo hufuata. Katika miaka ya 2010 serikali ilijenga mitaro mikubwa ya chini kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kuyatoa maji hayo baharini. Ni kazi njema, na wakazi waliifurahia. Lakini mtaro ni mto wenye mdomo mdogo. Ukijazwa chupa na mifuko huziba, na mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari husukuma kwa upande wake, maji yakarudi nyuma yalikotoka.

Hapa ndipo pa lile jambo la Jangwani. Basi letu liliingia Dar es Salaam siku ya mvua, na abiria mmoja, mama mtu mzima, alipoona tunakaribia bonde la Msimbazi alianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Hatukumcheka. Desemba 2011 mafuriko ya mji ule yaliua kiasi cha watu 40, na wengi wa waliokuwa wakikaa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Baada ya hayo yote palijengwa karakana ya mabasi ya mwendo wa haraka palepale Jangwani, nayo ikafurika mara kwa mara. Watu walilijua bonde kuwa ni la maji; jina la mto walilijua; wakajenga.

Nasi wa Rukuba tusijione tumesalimika kwa kuwa hatuna magari wala mahakama. Mei 2020 Ziwa letu lilipanda mpaka kipimo cha Jinja, kule Uganda, kikasoma mita 13.42, kikapita kidogo kile cha Mei 1964 ambacho kilikuwa mita 13.41. Katika mialo yetu maji yaliingia mabandani, yakachukua vichanja vya kuanikia dagaa na sehemu ya njia. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1964 walitembea wakionyesha kwa fimbo: lilifika hapa, na hapa, na hapa. Vijana walishangaa kwa kuwa katika kila mahali palipoonyeshwa palikuwa na nyumba.

Baina ya mwalo na chuo chetu pana bonde dogo ambalo maji ya mvua hulipitia kwenda ziwani. Wakati wa kiangazi ni kavu kabisa. Watoto hucheza humo, akina mama huanika dagaa, na siku ya Idi, watu wakizidi msikiti, tumekwisha kuswali humo mara mbili. Sasa wapo ndugu zetu watakao kulifukia kwa mawe na kifusi, wakigawane viwanja vya maduka. Hao si watu wabaya. Kisiwa ni kidogo, samaki wamepungua, na kijana aliyekosa nyavu hutaka pa kuuzia sukari na vocha. Kabla ya safari yetu walitutaka shauri, na sisi tuliwaomba watungoje turudi.

Tuliporudi tulikusanyika barazani baada ya isha, tukawasimulia Darajani yote kama tulivyoiandika hapa. Tuliwaambia kuwa si haramu kusawazisha ardhi, wala hatupingi maduka, bali bonde lenyewe lisipandishwe kuta, mfereji wa katikati uachwe wazi, na kilichobaki kifanywe wakfu wa kijiji, kwa kuanikia dagaa na kwa sala ya Idi, pasiwe na mtu wa kukiuza yeye wala mjukuu wake. Wengine waliitikia. Mzee mmoja, ambaye mwanawe ni miongoni mwa watakao viwanja, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, hao wa Unguja wana uwanja na wana mji. Sisi tukiacha uwanja, mji tutaupata wapi? Wakfu hautawalisha vijana hawa." Maneno yake yana uzito, na wengi walinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa upande wa wanawake aliuliza, je, hao wenye maduka dagaa wataanika juu ya mapaa yao? Watu wakacheka, lakini jibu halikutolewa.

Basi hatukukata neno usiku ule. Ilikubaliwa kuwa shauri lingoje masika ipite, ili kila mtu aone maji yanapita wapi na yanasimama wapi, na kwamba kabla ya hapo alama ziwekwe. Vijana wa chuo, pamoja na wazee wawili wanaokumbuka, wamekwisha kupigilia vigingi vya miti, vyekundu pale Ziwa lilipofika mwaka 1964 na vyeupe pale lilipofika 2020. Mahali pengi vigingi hivyo viko karibu sana kimoja na kingine. Cheupe kilicho mbali kabisa na ufuo kimesimama hatua saba ndani ya kiwanja ambacho mmoja wa ndugu zetu alikwisha kukipimia duka kwa kamba, na kamba yake bado ipo.